Jinsi ya Kulisoma Kanisa la Minara Miwili, Mji Mkongwe: Mwongozo Kamili kwa Mgeni wa Unguja

Msafiri anayefika Unguja kwa boti kutoka Dar es Salaam huuona Mji Mkongwe muda mrefu kabla hajaukanyaga, na katika safu ile ya majengo yanayotazama bahari ni vitu vichache tu vinavyoinuka juu ya mapaa. Kimojawapo ni jozi ya minara iliyochongoka, iliyosimama bega kwa bega nyuma ya nyumba za Shangani. Hilo ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, kanisa la Kikatoliki ambalo watu wa mjini, Waislamu kwa Wakristo, wamezoea kuliita Minara Miwili. Ajabu ni kwamba ukishashuka bandarini Malindi na kuanza kulitafuta kwa miguu, minara hiyo hutoweka. Vichochoro huifunika kabisa, na mtu anaweza kulizunguka kanisa lenyewe kwa hatua chache bila kujua yuko karibu nalo. Mara ya kwanza nilipolitafuta nilimwuliza mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani, akaniambia kwa upole kwamba nilikuwa nimekwisha kulipita.

Tabia hiyo ya kuonekana kwa mbali na kufichika kwa karibu ndiyo ufunguo wa kulielewa jengo hili. Umbo lake lilitoka ng'ambo, na waliolijenga walilipanda ndani ya mji ambao tayari ulikuwa umejaa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mbali na kumalizia ndani, na ninamshauri msomaji afuate hatua kwa mpangilio huo. Tenga nusu siku. Ukienda moja kwa moja hadi mlangoni utaona kanisa zuri la kizamani na basi, na dakika kumi baadaye utakuwa umerudi dukani kununua vikoi.

Kabla ya kutoka: jua unalolitafuta

Kuna makosa mawili ya majina ambayo hurudiwa kila siku, hata na watembeza wageni ambao wangepaswa kujua zaidi. La kwanza ni kulichanganya Minara Miwili na Kanisa la Mkunazini. Kanisa la Mkunazini ni la Kianglikana, lina mnara mmoja, na ndilo lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873. Minara Miwili ni la Kikatoliki, ni la baadaye kwa karibu miaka ishirini, na halikujengwa juu ya soko. Ukimwambia mtu akupeleke "kanisani" bila kufafanua, uwezekano mkubwa ni kwamba atakupeleka Mkunazini, kwa kuwa huko ndiko wageni wengi huelekea.

Kosa la pili hutokea kwa wanaosoma kabla ya kusafiri. Dar es Salaam nayo ina Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1897 hadi 1902, karibu miaka ileile. Njia rahisi ya kuyatenganisha katika picha ni kutazama matao: la Dar es Salaam limejengwa kwa mtindo wa Kigothi na matao yake yamechongoka juu, ilhali la Unguja lina matao ya mviringo, nusu duara kamili. Tofauti hiyo itumie kama kipimo kila unapokutana na picha isiyo na maelezo.

Kuhusu mavazi, kanuni za Mji Mkongwe zinatosha: mabega na magoti yafunikwe, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kofia huvuliwa na wanaume wanapoingia kanisani. Kama safari yako imeangukia mwezi wa Ramadhani, kumbuka kwamba kanisa limezungukwa na majirani waliofunga, hivyo usile wala kunywa mitaani ukiwa njiani.

Hatua ya kwanza: anzia Ngome Kongwe

Huenda msomaji akashangaa kuambiwa aanze safari ya kanisa kwenye ngome iliyojengwa na Waarabu wa Oman, lakini historia ya Ukatoliki Unguja inaanzia hapo hasa. Wareno walikuwa na kikanisa chao mahali hapo, kilichojengwa mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17. Waoman walipoiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698 na kuwaondoa Wareno katika sehemu hii ya pwani, waliijenga Ngome Kongwe palepale ilipokuwa makazi ya Wareno, na mabaki ya kikanisa yakamezwa na kuta mpya. Ingia uani, usogelee kuta za ndani, ukatafute mahali ambapo mstari wa uashi unabadilika na mawe kuonekana kuwa ya mkono mwingine.

Usikae hapo muda mrefu. Ni vyema tu kuchukua hoja moja: tangu kuondoka kwa Wareno hadi mwaka 1860, yaani zaidi ya karne moja na nusu, hapakuwa na misheni ya Kikatoliki Unguja. Kanisa unaloliendea halikurithi chochote kutoka kwa Wareno isipokuwa dini. Lililetwa upya, na waliolileta walikuwa Wafaransa.

Hatua ya pili: keti Forodhani usome historia kabla ya kuendelea

Kutoka ngomeni vuka barabara uingie bustani ya Forodhani, utafute kivuli, kwa sababu sehemu hii ya mwongozo ni ndefu na haifai kusomwa ukiwa umesimama kichochoroni huku ukiwazibia njia wenye vespa.

Mwaka 1844 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitia sahihi mkataba wa urafiki na biashara na Ufaransa. Mkataba huo uliwapa Wafaransa uhuru wa kukaa na kufanya shughuli zao katika himaya yake, na ndio uliofungua mlango ambao mapadre walikuja kuupitia. Desemba 1860, wakati wa utawala wa Sayyid Majid, padre Armand Fava, aliyekuwa makamu wa askofu katika kisiwa cha Réunion, aliwasili Unguja pamoja na mapadre wengine na masista. Walianzisha hospitali na karakana za ufundi, wakawapokea watumwa waliokombolewa, wengi wao wakiwa watoto, na kuwafundisha kazi za mikono. Mwaka 1863 kazi hiyo ilishikwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu wakiongozwa na padre Antoine Horner, na shirika hilo ndilo lililobaki.

Misheni haikutafuta waumini miongoni mwa Waislamu wa mjini, jambo ambalo lisingevumiliwa na ambalo wamisionari wenyewe waliliona kuwa halina matunda. Waumini wake walikuwa watumwa waliokombolewa, Wazungu wachache wa balozi na nyumba za biashara, na Wagoa. Kundi hili la mwisho husahaulika mno. Wagoa walitoka Goa, koloni la Wareno nchini India, walikuwa Wakatoliki wa vizazi vingi, na walikuja Unguja kuwa makarani, mafundi cherehani, wapishi, wanamuziki na wapiga picha. Kwa miongo mingi hao ndio waliojaza mabenchi ya kanisa. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 wengi wao walihama, na sura ya waumini ikabadilika: leo utakaowakuta zaidi ni watu waliotoka bara kuja kufanya kazi, pamoja na Wazanzibari Wakatoliki na Wagoa wachache waliobaki.

Mwaka 1868 misheni ilivuka bahari na kufungua kituo Bagamoyo, na kutoka huko ikasonga kwenda bara. Hapa ndipo swali la ukubwa wa kanisa linapopata jibu. Mwaka 1883 Roma iliipandisha Zanzibar kuwa Vikarieti ya Kitume, yaani eneo la misheni linaloongozwa na askofu (vikari) kabla halijawa jimbo kamili, na Askofu Raoul de Courmont akawa vikari wake wa kwanza. Hata baada ya sehemu ya kusini kukatwa na kukabidhiwa Wabenediktini wa Kijerumani, shirika jingine la watawa, mwaka 1887, eneo lililoongozwa na askofu wa Unguja bado lilienea katika nchi ambazo leo ni sehemu za Tanzania na Kenya. Askofu huyo alihitaji kanisa linalolingana na eneo lake, na idadi ya waumini waliokuwa mitaani Shangani na Baghani haikuwa ndiyo kipimo. Kwa hiyo unapoingia siku ya kawaida na kuona ukumbi mkubwa wenye watu watatu wanaosali, usidhani kwamba wajenzi walikosea hesabu. Walijenga makao makuu ya eneo pana, kisha eneo lenyewe likagawanywa: Bagamoyo ilipata vikarieti yake mwaka 1906, sehemu nyingine zikafuata, na hatimaye Zanzibar ikabaki na visiwa vyake tu na kufanywa jimbo kamili mwaka 1980.

Ujenzi wenyewe ulifanyika katika miaka ya 1890 na kukamilika mwaka 1898, kwa mikono ya wamisionari na waumini wao. Ipime miaka hiyo kwa mambo mengine yaliyokuwa yakitokea hatua chache kutoka hapo ulipoketi. Mwaka 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilizokuwa mbele ya Forodhani zililipiga jumba la Sultani kwa mizinga kwa muda usiofikia saa nzima, ili kumwondoa Khalid bin Barghash aliyekuwa amejitangazia usultani. Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia sahihi amri iliyoondoa hadhi ya utumwa mbele ya sheria. Wafaransa walimaliza kujenga kanisa lao katika mji ambao ulikuwa tayari wa Waingereza kwa nguvu na wa Sultani kwa jina, na mimi huiona minara ile miwili, pamoja na kuwa alama ya ibada, kama namna ya Wafaransa ya kusema kwamba nao wapo.

Hatua ya tatu: itazame minara kutoka juu

Sasa tafuta mahali pa juu. Mikahawa na hoteli kadhaa za Mji Mkongwe zina ukumbi wa juu ya paa, na ukiagiza chai au maji ya machungwa hakuna atakayekukataza kusimama na kutazama. Saa nzuri ni asubuhi mapema au baada ya alasiri, jua likiwa limelala.

Ukiwa juu, fanya mambo mawili. Kwanza tambua jinsi mapaa ya mabati yenye kutu yanavyojaza kila pengo kati ya nyumba na nyumba, kisha uone jinsi minara inavyoyapita yote bila mshindani wa karibu. Pili, ilinganishe na minara ya misikiti iliyo jirani. Wageni wengi hutarajia kuona msitu wa minara ya misikiti katika mji wa Kiislamu, lakini misikiti mingi ya zamani ya Mji Mkongwe haina mnara kabisa, na kwa nje hufanana na nyumba za kawaida. Desturi ya ujenzi wa dini mjini ilikuwa ya unyenyekevu, na kanisa lilikuja na desturi tofauti. Jambo hili haliwezi kuonekana ukiwa chini, na ndiyo sababu ya kupanda ngazi zote hizo.

Hatua ya nne: lifuate kwa miguu

Kutoka Forodhani pita nyuma ya Ngome Kongwe uingie mtaa wa Gizenga, wenye maduka ya vinyago, picha za tingatinga na vikoi. Endelea nao polepole hadi unapokutana na mtaa wa Cathedral, kisha uufuate. Mgeni anayetoka upande wa Shangani anaweza pia kupita barabara ya Kenyatta na kukata kuingia ndani. Ukipotea, uliza Minara Miwili, usiulize kwa jina la Mtakatifu Yosefu. Salimia kwanza: shikamoo kwa mtu mzima, au salamu ya Kiislamu kama ndiyo uliyoizoea, na swali lifuate baadaye. Unguja mtu anayeanza na swali kabla ya salamu huonekana hakufunzwa.

Njiani angalia upana wa kichochoro na urefu wa kuta. Kisha, mara tu minara itakapotokeza juu yako, simama. Mahali hapo pa kwanza, ambapo kipande cha mnara kinaonekana kati ya kuta mbili za nyumba, ndipo pa kupiga picha bora kuliko zote za nje. Ukifika mbele ya kanisa lenyewe utagundua kwamba huna nafasi ya kurudi nyuma vya kutosha ili uso wote uingie katika kioo cha simu.

Hatua ya tano: usome uso wa kanisa

Jengo la namna hii Ulaya hutegemea uwanja mbele yake. Uwanja ndio humpa mtazamaji umbali wa kuona milango, matao, dirisha na minara kwa pamoja, kama mtu anavyotazama uso wa mwenzake. Hapa uwanja huo haupo, hivyo shingo ndiyo inayofanya kazi. Anzia mlangoni, panda na macho hadi kwenye matao, kisha kwenye kiwango ambacho minara miwili inaachana na mwili wa kanisa na kuwa kitu cha peke yake. Angalia kwamba kila mnara una umbo la mraba chini na kilele kilichochongoka juu, na kwamba madirisha ya minara yamefunguliwa kwa matao ya mviringo ili sauti ya kengele ipate kutoka.

Mtindo huu ni wa Kirumi uliofufuliwa, ambao Wafaransa wa karne ya 19 waliupenda sana: kuta nene, matao ya nusu duara, uzito unaoonekana. Katika mji wa bandari wa Marseille, ambao baada ya kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez mwaka 1869 ulikuwa lango kuu la Wafaransa kuelekea Bahari ya Hindi, mtindo huo ulichanganywa na ule wa Bizanti na kuzaa makanisa mawili mashuhuri. Moja ni Notre-Dame de la Garde, lililowekwa wakfu mwaka 1864. Jingine ni kanisa kuu la mji huo, linalojulikana kama La Major, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1852 na lenye minara miwili mbele.

Hapa inabidi nimtahadharishe msomaji. Utaambiwa na watembeza wageni, na utasoma katika vitabu vya wasafiri, kwamba ramani ya Minara Miwili ilichorwa na msanifu yuleyule aliyejenga kanisa la Marseille. Wengine husema la Notre-Dame de la Garde, wengine kanisa kuu. Zifanyie hesabu kauli hizo. Henri-Jacques Espérandieu, msanifu wa Notre-Dame de la Garde, alifariki mwaka 1874. Léon Vaudoyer, aliyeanzisha kanisa kuu, alifariki mwaka 1872. Wote wawili walikuwa kaburini miaka mingi kabla ya jiwe la kwanza la Unguja kuwekwa. Aliyebaki hai miongoni mwa waliolijenga La Major ni Henri Révoil, aliyelikamilisha na kufariki mwaka 1900. Kwa maoni yangu inatosha kusema kwamba jengo la Unguja ni la ukoo wa Marseille, kama mtoto anavyofanana na baba zake wakubwa, na ufanano huo unaweza kuuthibitisha mwenyewe kwa kuweka picha zao kando kwa kando. Mtembeza wageni akikutajia jina la msanifu kwa uhakika mkubwa, mwombe kwa adabu akuambie mwaka aliofariki.

Hatua ya sita: ingia ndani, utazame juu kwanza

Nje ya saa za Misa milango mikubwa ya mbele mara nyingi hufungwa. Hilo lisikurudishe. Zunguka nyuma, kwenye ua wa nyumba ya watawa iliyopakana na kanisa, upige hodi na kuomba ruhusa. Masista na wahudumu wa sakristia wamezoea wageni wenye adabu. Hakuna haja ya maelezo marefu: salimu, sema umekuja kulitazama kanisa, na usubiri jibu. Ukikuta kisanduku cha sadaka, weka chochote unachoweza, kwa kuwa jengo la umri huu lililo karibu na bahari hula fedha nyingi za ukarabati.

Ukishaingia, vunja mazoea ya kutembea moja kwa moja hadi altareni. Simama mwanzoni mwa ukumbi mkuu, inua uso, na utazame jinsi nafasi ile ya juu ilivyofunikwa. Ili uone uzito wa jambo hilo inakubidi uijue nyumba ya kawaida ya Mji Mkongwe. Nyumba hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu na mapaa yake hubebwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyokatwa kutoka deltani na kwenye mabwawa ya pwani. Boriti ya mkoko ina nguvu na haisumbuliwi sana na mchwa, lakini haitoi urefu mkubwa. Kwa hiyo chumba cha nyumba ya Mswahili au Mwarabu, hata cha tajiri, huwa chembamba, kwa kawaida kati ya mita mbili na nusu na tatu na nusu hivi, kisha huongezwa kwa urefu tu. Tajiri akitaka nafasi zaidi huongeza idadi ya vyumba, au ghorofa, au huzungusha vyumba vingi kando ya ua, na bado upana wa kila chumba huamuliwa na mti.

Sasa rudisha macho juu ya ukumbi wa kanisa. Hakuna boriti ya mkoko inayoweza kuvuka upana ule. Wajenzi walilazimika kuacha mantiki ya mti na kufuata mantiki ya tao: mawe yaliyopangwa kwa mviringo yakisukumana, uzito ukishuka pembeni hadi kwenye nguzo na kuta. Tao lilijulikana Unguja, maana hata kibla cha msikiti huundwa kwa tao, lakini kulitumia kwa upana na urefu wa namna hii ilikuwa kazi nyingine. Chagua tao moja, lifuate kwa macho kutoka kileleni, shuka nalo upande wa kushoto hadi kwenye nguzo na chini sakafuni, kisha rudia upande wa kulia. Ukifanya hivyo mara mbili au tatu utaelewa kwa nini kuta za pembeni zina unene ule, na kwa nini madirisha hayakuwekwa popote palipopendeza bali pale tu ambapo ukuta haukubeba mzigo mkubwa. Mimi nililitembelea kanisa hili mara nne kabla ya kulitambua jambo hilo, na nilijiona mjinga kidogo.

Tembea sasa taratibu kando ya mabenchi. Tafuta kisima cha ubatizo, viti vya maungamo na picha za Njia ya Msalaba ukutani, ambazo kwa desturi ya Kikatoliki huwa kumi na nne na husomwa kwa kuzunguka. Ukifika mbele, kumbuka kwamba kanisa lilijengwa wakati padre alipokuwa akiadhimisha Misa kwa Kilatini, akitazama altare na kuwapa waumini mgongo. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki uliofanyika mwaka 1962 hadi 1965, padre aliwageukia watu na lugha ikawa Kiswahili, na katika makanisa ya umri huu meza ya altare husogezwa mbele ili kuruhusu hilo. Pima umbali kati ya meza inayotumika leo na mwisho wa nyuma wa kanisa, kisha ufikirie ibada ilivyokuwa padre alipokuwa kule mwisho.

Hatua ya saba: vioo, vigae na michoro

Vigae pamoja na vioo vya rangi viliagizwa kutoka Ufaransa. Vioo vitazame mara mbili kwa saa tofauti, kwa kuwa jua la Unguja huvibadilisha kabisa: dirisha lililokuwa limefifia asubuhi huweza kuwaka alasiri. Kama una saa moja tu, keti upande ulio kinyume na ule unaopigwa na jua. Vigae vichunguze kwenye njia ya katikati na karibu na milango, kisha uvilinganishe na vile vya pembeni chini ya mabenchi, na miguu ya zaidi ya karne moja utaiona palepale.

Michoro ya ukutani ilichorwa muda mfupi baada ya jengo kukamilika, nayo ina mkono wa Kifaransa ulio wazi. Kwa bahati mbaya, baadhi yake imefanyiwa ukarabati usio wa kitaalamu. Ili kutofautisha mchoro wa asili na uliorudiwa, tazama nyuso na mikunjo ya nguo. Mchoraji wa kwanza huunda shavu au goti kwa kupandisha rangi kidogo kidogo kutoka kivulini hadi kwenye mwanga. Aliyerudia kwa haraka hujaza rangi moja bapa na kuizungushia mstari mzito, hata uso ukawa kama kinyago. Ukiona watakatifu wawili waliosimama karibu, mmoja akionekana kupumua na mwingine akiwa kama bango la dukani, unajua ni yupi aliyeguswa tena.

Tazama pia chini ya michoro na pembeni mwa madirisha kama kuna rangi iliyobanduka au madoa ya unyevu. Chokaa ya kienyeji hupumua: hupokea unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Saruji haifanyi hivyo. Ukuta wa matumbawe ukipigwa lipu ya saruji, maji na chumvi ya bahari hufungiwa ndani, na baada ya miaka michache hutafuta njia ya kutokea kwa kulibandua tabaka la juu pamoja na rangi. Tatizo hili linaukumba Mji Mkongwe wote, ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na ukishajifunza kulitambua kanisani utaliona katika kila mtaa utakaoupita.

Kuhusu picha, omba ruhusa kwanza, zima mwanga wa kamera, na usimpige mtu anayesali.

Hatua ya nane: rudi wakati wa Misa, kama unaweza

Jumapili kuna Misa zaidi ya moja, na siku za kazi ipo pia. Ratiba ibandikwapo hubadilika, hivyo isome mlangoni siku moja kabla. Asiye Mkatoliki anakaribishwa kukaa nyuma, kusimama wengine wanaposimama, na kubaki mahali pake wakati wa Komunyo. Ninaishauri hatua hii kwa sababu za usanifu pia: kanisa tupu hukuonyesha matao, lakini ni kanisa lililojaa kwaya, ngoma na vigelegele ndilo linalokuonyesha matao yale yanafanya nini na sauti. Maneno ya mahubiri huchelewa na kugongana, ilhali wimbo hukua na kukaa hewani. Wafaransa waliolijenga walikuwa na Kilatini cha kuimbwa masikioni mwao, na ukisikiliza utagundua kwamba jengo bado linapendelea kuimbiwa kuliko kuhutubiwa.

Ukitaka kulinganisha

Siku hiyohiyo unaweza kutembea hadi Mkunazini, ambako kuna kiingilio, ukatazame jinsi Waanglikana walivyolitatua tatizo lilelile la kufunika ukumbi mpana katika mji wa boriti fupi. Askofu Edward Steere alichagua paa lililopinda kama nusu ya pipa, la zege lenye mawe ya matumbawe, na wapo waliomwambia kwamba litaanguka. Bado lipo. Ukiyatazama mapaa hayo mawili kwa mchana mmoja utajifunza zaidi kuliko kwa kulitazama moja kwa juma zima.

Mwenye siku ya ziada na avuke kurudi Dar es Salaam kisha aende Bagamoyo, mwendo wa kama kilomita 70 kuelekea kaskazini, kwenye misheni iliyozaliwa na hii ya Unguja mwaka 1868. Huko mapadre walewale wa Roho Mtakatifu walikuwa na ardhi ya kutosha: utakuta njia ya miembe, makaburi ya wamisionari waliokufa vijana kwa homa, mnara wa kanisa la kwanza ambako mwili wa David Livingstone ulilazwa mwaka 1874 ukiwa njiani kupelekwa Uingereza, na kanisa kubwa la mwanzoni mwa karne ya 20 lililosimama kwenye uwanja ulio wazi. Mbele ya kanisa hilo rudi nyuma kadiri unavyotaka, hadi uso wake wote uingie katika picha.